Kesi ya Mkumbiko Wenye Jibini

Ipo nchi moja, si mbali wala si karibu, ambayo sitaitaja jina kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa ila kwa kusifiwa, na mimi leo sifa sijazipanga vizuri. Katika nchi hiyo kila kitu kina wizara. Barabara zina wizara, mvua ina wizara, na usingizi wa alasiri una idara yake ndani ya wizara ya kazi. Kwa hiyo msishangae nikiwaambia kwamba ladha nayo ilikuwa na wizara, jengo refu lenye lifti isiyopanda, na juu ya mlango wake maandishi ya rangi ya dhahabu: LADHA MOJA, TAIFA MOJA.

Humo ndani alifanya kazi Makungu, mwana wa Bi Nyamizi, Mwonjaji wa Serikali wa Daraja la Pili. Kazi yake ilikuwa kuonja. Alionja supu za karamu za taifa, akaonja chai za mikutano, na mwaka wa uchaguzi alionja mpaka wali wa kampeni. Ulimi wake ulikuwa hodari, hilo halina ubishi. Kasoro yake ilikuwa miguu. Makungu hakujua kutulia. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, anahama kutoka mguu huu kwenda ule kama mtu anayesubiri choo. Wakubwa wake waliipenda tabia hiyo, wakidhani ni bidii.

Chakula cha taifa hilo ni mkumbiko. Ni muhogo na ndizi mbichi, vinachemshwa pamoja mpaka vilegee, vinaungwa kwa karanga zilizosagwa na samaki wa moshi, kisha vinapondwa kidogo kwa mwiko. Unapakuliwa kwenye sinia, watu wanaketi mkekani, wanakula kwa mkono. Mpaka hapo hakuna la ajabu. La ajabu ni tonge la kwanza. Kwao mtu hali tonge lake la kwanza. Anamlisha aliye kuliani kwake, naye analishwa na aliye kushotoni, na mpaka uwe umemlisha mtu, humezi. Aliye peke yake hutoka mlangoni na tonge mkononi, akamwita yeyote apitaye: "Wee, hebu nipokee!" Mpita njia hufungua kinywa, hutafuna, hushukuru, huenda zake. Ndiyo maana watu wa nchi hiyo wanajuana sana, na ndiyo maana hakuna awezaye kumficha jirani kwamba leo kwake kumepikwa.

Mjini mambo yalikuwa yamenyooshwa zaidi. Pale wizarani tonge lilikuwa linapanda tu. Karani anamlisha mkuu wa idara, mkuu wa idara anamlisha katibu, katibu anamlisha Waziri, na Waziri, kwa kuwa ndani ya jengo lile hakuwa na mtu juu yake, alikuwa analinyoosha tonge lake kwenye picha ya Kiongozi ukutani. Kioo cha picha hiyo kilifutwa kila alasiri kwa sabuni ya unga. Karani wa chini kabisa hakulishwa na mtu, lakini alikuwa na haki ya kutazama.

Muhogo wenyewe ulikuwa umeadimika. Mashamba mengi yalikuwa yamepandwa maua ya kuuza Nchi ya Baridi, kwa hiyo watu wa mjini walikula mkumbiko wa unga wa kopo. Unakoroga na maji ya moto, basi, kazi imekwisha. Juu ya kopo palikuwa na picha ya bibi kizee anayetabasamu, na chini yake, kwa herufi ndogo, palielezwa kwamba limetengenezwa huko huko Nchi ya Baridi na kampuni ya shemeji yake Waziri. Hakuna aliyeona ubaya, maana bibi wa pichani alikuwa amevaa kanga.

*

Balaa lilianza kwa mtalii. Alikuja kutoka Nchi ya Baridi, akaketi katika hoteli kubwa kuliko zote, akaagiza mkumbiko. Ulipoletwa aliutazama kwa muda, akausukuma pembeni.

"Huu si wenyewe," alisema. "Jibini iko wapi?"

Mhudumu alidhani amechoka na safari. Meneja aliitwa. Mtalii akaeleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, kwamba yeye mkumbiko anaujua vizuri, anaula kila wiki katika mji wake, kwa mama mmoja wa nchi hii hii aitwaye Siwema. Mkumbiko halisi una jibini juu, na tonge la kwanza unalishwa kwa kijiko chenye mpini mrefu. "Msiuache utamaduni wenu upotee," aliwasihi, karibu machozi yamtoke.

Habari ilifika magazetini, ikatoka magazetini ikaingia bungeni. Huko akasimama Mheshimiwa Ndolezi, Waziri wa Ladha ya Taifa, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu.

"Waheshimiwa! Adui wa leo hapigi kwa mizinga, anapiga kwa jibini! Ametuacha tumelala, akaingia sufuriani! Babu zetu hawakumwaga damu ili wajukuu wao wamwage maziwa yaliyoganda juu ya chakula cha heshima! Nauliza, na ninajiuliza, na ninaliuliza taifa: leo jibini, kesho nini?"

Bunge zima lilipiga meza. Mbunge mmoja alilia, akapelekwa nje, akarudi na soda. Jioni ile ile ikapitishwa Sheria ya Kulinda Mkumbiko. Sheria ilisema kwamba damu ya mtu hutokana na chakula chake, kwa hiyo raia yeyote aliye ughaibuni akiongeza, akipunguza au akibadilisha chochote kwenye mkumbiko, damu yake nayo imebadilika, na uraia wake umekwisha. Kuanzia siku hiyo hakuna aliye nje ambaye angeruhusiwa kurudi nyumbani, hata kwa msiba, bila Cheti cha Ladha.

Ikabaki kazi ndogo ya kuamua mkumbiko ni nini hasa. Wizara iliita kamati. Mzee mmoja kutoka ng'ambo ya mto aliinua mkono, akasema kwao wanatia na boga.

"Boga?" Waziri aliuliza. "Mzee wangu, boga linaota popote, linatambaa hadi kwa jirani bila ruhusa. Boga halina uraia!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Makungu naye alicheka, goti lake likicheza chini ya meza. Sasa niwaambie kitu ambacho kamati haikukijua. Bi Nyamizi, mama yake Makungu, aliolewa kutoka ng'ambo ya mto, na alikuja na boga lake. Majirani walimcheka mwanzoni, wakauita mkumbiko wake mkumbiko wa kuolewa, kisha polepole wakaanza kutuma watoto na vibakuli. Makungu amekua akijua kwamba mkumbiko usio na boga ni chakula cha mgonjwa. Lakini siku ile alicheka pamoja na wenzake, na boga likapigwa marufuku kwa kauli moja.

*

Bi Nyamizi wakati huo alikuwa hawezi tena kusimama sana. Miguu ilivimba, ikapungua, ikavimba tena, na daktari akawa anatikisa kichwa kwa namna wanayotikisa wakishindwa. Alikuwa na watoto wawili tu. Mdogo ni Makungu. Mkubwa ni binti, aliyeondoka kwenda Nchi ya Baridi miaka mingi iliyopita, akafungua mkahawa wa chakula cha kwao, na jina lake, kama mlivyokwisha kuhisi, ni Siwema.

"Makungu," mama alisema, "mimi sikuombi kitu. Nguo ninazo, dawa unaleta. Niletee Siwema nimwone."

"Nitamleta, mama."

"Usiniambie hivyo kwa kutazama mlango. Niangalie."

Makungu akamwangalia. Siwema alikuwa amekwisha kuomba ubalozini kurudi, akaombwa Cheti cha Ladha, na kabla hajauliza kinapatikana wapi akaambiwa kwamba yeye ndiye mshtakiwa wa kwanza.

Asubuhi iliyofuata Makungu, ambaye wizara ilikuwa imempangia kwenda kuonja ushahidi, alipanda ngazi za wizara mbio mbio kwenda kumweleza Waziri kwamba mwanamke yule ni dada yake, hivyo apewe mtu mwingine kesi ile. Waziri alimsikiliza huku akichokonoa meno.

"Ni dada yako wa damu?"

"Wa tumbo moja, Mheshimiwa. Ndiye aliyeninunulia viatu vyangu vya kwanza."

"Basi wewe ndiye utakayekwenda. Mtu mwingine angeweza kumhurumia. Wewe utaogopa watu waseme umempendelea. Huo ndio uadilifu tunaoutafuta nchi hii." Akashusha sauti. "Na ukirudi, ile nafasi ya Mwonjaji Mkuu bado iko wazi."

Makungu alishuka ngazi na roho mbili, moja inashukuru na moja inamtukana.

*

Kwa ajili ya ushahidi alikabidhiwa Kielelezo cha Taifa, yaani mkumbiko uliothibitishwa, ambao mkumbiko mwingine wowote duniani ulipaswa kulinganishwa nao. Lilikuwa kopo la unga, lenye lakiri na bendera. Alilipakata safari nzima, na miguu ikimsumbua hivi kwamba abiria wa kiti cha mbele aligeuka mara kwa mara kumkata jicho.

Kwenye forodha ya Nchi ya Baridi, afisa alilichukua kopo, akasoma herufi ndogo, uso ukamng'aa. "Hili ni la kwetu, linatengenezwa mtaa wa pili kutoka kwa mama mkwe," alisema, akalirudisha kwa heshima. Kisha akamgeukia Makungu na kumuuliza yeye amekuja kufanya nini, na maswali hayo yalichukua karibu asubuhi nzima.

Siwema alimpokea mlangoni mwa mkahawa akiwa na aproni yenye madoa ya karanga. Alikuwa amenenepa, nywele zimeingia mvi, lakini sauti ni ile ile.

"Makungu! Umekuwa mtu mzima, miguu bado ya kitoto! Simama basi nikuone!"

Wakakumbatiana. Makungu alitaka kulia, akakumbuka kwamba yuko kazini, akapiga chafya badala yake.

"Mama yuko vipi? Usinifiche."

"Anakuulizia wewe tu, dada."

"Basi fanya ulichokuja kufanya upesi, twende zetu. Begi langu liko tayari toka mvua za mwaka jana."

Mkahawa wenyewe ulikuwa mdogo, umejaa watu na mvuke. Hakukuwa na mikeka. Watu waliketi mezani, magoti kwa magoti. Makungu alianza kukagua kama alivyofundishwa, na kila alipogusa aligusa kosa. Muhogo haukuwapo, palikuwa na viazi. Samaki alikuwa wa kopo. Karanga zilitoka kwenye chupa ya dukani. Na jibini ilikuwapo kweli, nyeupe, imeyeyuka na kutambaa kila upande bila aibu.

"Dada, hivi kweli, jibini?"

"Muhogo huku unakuja umeganda kama jiwe, na bei yake utadhani umesoma. Ndiyo nikatia viazi. Jibini waliitaka watoto wetu waliozaliwa huku, hawakuwa wanakula bila hiyo. Ulitaka niwafukuze wakale mikate barabarani?"

"Na kijiko?"

Siwema akacheka, kisha akaacha kucheka. Alimweleza majira yake ya kwanza ya baridi katika nchi ile, amepika peke yake chumbani, tonge liko mkononi, hana wa kumlisha. Akafanya kama nyumbani, akatoka mlangoni, akaita mpita njia. Mpita njia alikimbia. Akamwita wa pili, wa pili akaita polisi. Polisi walikuwa watu wema, waliandika kwamba mtuhumiwa alikutwa na chakula. Akarudi chumbani akakaa na lile tonge mpaka likapoa, na hakula. Ndipo akapata wazo la kufungua mahali ambapo kila aingiaye amekubali kufungua kinywa. Watu wa afya wa nchi ile walipokuja, wakakuta vidole vya mtu viko mdomoni mwa mtu mwingine, nusura wazimie. Wakakubaliana kijiko, na mpini uwe mrefu.

"Yule pale unamwona?" Alimwonyesha mzee mmoja aliyevaa sare ya mlinzi. "Mzee Kapalata, wa kwetu. Analinda ghala usiku, mtu hamwoni. Anakuja hapa ili alishe mtu. Na yule bibi wa hapa hapa, mwenye kofia ya sufu, mkumbiko haupendi kabisa, anasema unamlemea tumbo. Anakuja kwa tonge la kwanza tu, analipia sahani nzima, anakwenda zake. Ukimuuliza kwa nini, anasema nyumbani kwake hakuna mtu."

Makungu aliletewa sahani. Mzee Kapalata alikuwa kushotoni kwake, akamlisha kwa kijiko kwa adabu zote. Makungu akatafuna, na ulimi wake wa serikali ukaanza kazi.

Sitaki kuwadanganya ili mfurahi. Mkumbiko ule haukuwa mtamu. Viazi vilikuwa laini kupita kiasi, samaki alinuka bati, jibini iling'ang'ania meno. Haukuwa mkumbiko wa nchi yao, wala wa kopo, wala wa mtu yeyote aliyewahi kumjua. Makungu alikuwa anajiandaa kuweka kijiko chini kwa masikitiko ya kikazi, mara chini kabisa ya sahani akakutana na kitu kitamu, cha njano, kimepondwa. Ni boga.

Goti lake lilisimama. Halafu likaanza tena kwa kasi zaidi.

"Umetia boga," alinong'ona.

"Sasa nitie nini? Mkumbiko bila boga ni wa mgonjwa."

Usiku ule Makungu hakupata usingizi. Kesi ya viazi angeweza kuitetea kwa sababu ya baridi, na jibini kwa sababu ya watoto. Lakini boga lilikuwa la mama. Akisema Siwema ameharibu mkumbiko, basi Bi Nyamizi ndiye aliyeanza kuharibu, pale pale nyumbani, na damu yake Makungu mwenyewe ilikuwa imekorogeka tangu utotoni. Akisema hakuharibu, jibini yote ile ingemshuhudia kwamba ni mwongo. Alizunguka chumbani, akafungua dirisha, akalifunga kwa baridi, akalifungua tena. Kulipokucha alikuwa amepata njia, na kwa mara ya kwanza maishani alijiona mwerevu.

*

Waziri aliwasili na ujumbe mkubwa, kwa kuwa suala lilikuwa zito na maduka ya Nchi ya Baridi yalikuwa na punguzo. Shauri lilisikilizwa hapo hapo mkahawani. Mheshimiwa Ndolezi aliletewa sahani ya ushahidi. Aliila yote. Akaomba nyingine ili kuondoa shaka, nayo akaila, akaifuta kwa mkate. Kisha akajifuta mdomo, uso ukawa wa huzuni.

"Nimesikitika," alisema. "Nimesikitika kutoka ndani ya tumbo langu. Hivi ndivyo taifa linavyokufa, ndugu zangu, sahani kwa sahani! Mwonjaji, simama ulieleze taifa. Huu ni mkumbiko au si mkumbiko?"

Makungu akasimama. Siwema alikuwa mlangoni mwa jiko, mikono kwenye aproni.

"Mheshimiwa, huu si mkumbiko."

Siwema aliinamisha kichwa. Mzee Kapalata akaguna.

"Si mkumbiko hata kidogo," Makungu aliendelea haraka haraka, kabla moyo haujamwacha. "Ni chakula kingine kabisa. Sheria inamkataza mtu kubadilisha mkumbiko. Huyu mama hakuubadilisha mkumbiko, kwa kuwa hajaupika. Amepika kitu chake. Kwa hiyo sheria haimgusi, na ninaomba apewe cheti arudi nyumbani kumwona mgonjwa."

Ujumbe ulitazamana. Siwema aliinua uso, na Makungu aliona anataka kutabasamu. Ilikuwa hoja nzuri, hata mimi naisifu. Waziri alifumba macho kwa muda mrefu, watu wakadhani amesinzia.

"Mwonjaji amenena vyema," alisema mwishowe. "Si mkumbiko. Ni chakula kingine. Sasa nauliza, chakula kingine cha taifa gani? Chetu si chake, tumekubaliana. Basi ni cha taifa jingine. Na sheria yetu inasemaje? Damu ya mtu hutokana na chakula chake! Mama huyu hana kosa lolote, ndugu zangu. Mama huyu ni mgeni!"

Ujumbe ulipiga makofi kwa furaha, maana ilikuwa kesi ya kwanza kumalizika bila mtu kutiwa hatiani. Waziri alimshika Siwema mkono kwa mikono miwili, akamtakia maisha mema katika nchi yake. "Na nchi yetu," aliongeza, "inapenda sana wageni. Karibu ututembelee wakati wowote."

Siwema alimtazama mdogo wake. "Makungu, umenifanya nini?"

"Lakini utakwenda, dada! Hujasikia? Mgeni haombwi cheti."

Hapo hakukosea. Nchi ya Baridi kwa miaka mingi ilikuwa inamwambia Siwema achukue uraia wake, naye anakataa kwa ajili ya kurudi kwa mama. Sasa akauchukua akilia.

*

Raia wanaorudi nchi ile ya mkumbiko huingia kwa mlango mdogo wa pembeni na hufunguliwa mabegi. Siwema aliingia kwa mlango mkubwa. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na mabinti waliomvika shada la maua, yale yale ya mashamba ya muhogo. Waziri alipiga naye picha. Makungu, ambaye sasa alikuwa Mwonjaji Mkuu, alisimama kando akihama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Nipeleke kwa mama," Siwema alimwambia.

"Kidogo tu, dada. Mgeni haruhusiwi kulala nyumba ya mtu. Ni hoteli kwanza. Kesho utakwenda kwa mama, nimekupangia mwenyewe. Imebidi iwe ziara ya kitalii, wanaiita Utalii wa Nyumbani kwa Mtu."

Katika hoteli kubwa aliletewa mkumbiko ambao hakuuagiza. Juu yake palikuwa na jibini. Siwema alimwita mhudumu, akamuuliza kwa lugha ya kwao, kwa lafudhi ya mtaani kwao, kama hawana ule wa kawaida.

"Samahani, bibi," mhudumu alimjibu. "Wageni tunawapa ule wenye asili tu."

Kesho yake gari la watalii liliwapeleka kwa Bi Nyamizi. Ndani walikuwamo Siwema, na Makungu, na Afisa wa Utalii, kijana mwenye miwani na tabasamu la kazini. Njiani afisa alieleza masharti. Mgeni atapokewa, ataketi, atazungumza na mwenyeji, ataaga. Mazungumzo yatapitia kwa mkalimani.

"Mkalimani wa nini?" Siwema aliuliza kwa lugha ile ile ya afisa.

"Mgeni kisheria haijui lugha yetu, mama. Serikali haiwezi kubahatisha. Ndugu Mwonjaji Mkuu amejitolea kutafsiri." Akamgeukia Makungu, tabasamu likapungua. "Na ratiba ikivurugika, anayewajibika ni mkalimani."

Bi Nyamizi alikuwa amekalishwa kitako mkekani, mgongo ukiegemea ukuta, amevaa kanga yake ya harusi za watu. Alikuwa amepika. Hakuna aliyejua alipikaje na miguu ile. Majirani walijaa uani, wamekatazwa kusogea. Siwema alipoingia, mama alinyoosha mikono yote miwili, na Siwema akapiga magoti akaangukia kifuani pake. Wakabaki hivyo, wakilia bila kuoneana haya.

"Kukumbatiana kumo kwenye ratiba," afisa alimnong'oneza Makungu, "lakini si kwa muda huu wote."

Hatimaye wakaachiana. Mama akamfuta binti yake machozi kwa pindo la kanga. "Mwanangu, umekonda."

Hakuwa amekonda, alikuwa amenenepa sana, lakini hivyo ndivyo mama wanavyoona. Afisa akakohoa.

"Mwenyeji anasema mgeni amekonda," Makungu alisema, akimtazama dada yake begani.

"Mama, nimekukumbuka wewe, mpaka nimekuwa ninaota unaniita," Siwema alisema.

"Mgeni anasema... anasema amefurahi kufika."

Bi Nyamizi alimtazama Makungu, akamtazama afisa, akarudi kwa Makungu. Akavuta sinia, akafanya tonge, akalinyoosha kwa binti yake.

"Samahani, mama," afisa aliingilia, "kwa ajili ya afya, mgeni halishwi kwa mkono."

"Huyu nimemlisha kabla wewe hujazaliwa, na alikuwa na meno mawili," Bi Nyamizi alimjibu, na tonge likaenda lilikokuwa linakwenda. Siwema akatafuna kwa kufumba macho. Afisa akageuka kutazama majirani, kwa sababu jambo ambalo hakuliona asingelazimika kulitolea maelezo.

Mama alimshika Siwema kiganja, akakiweka juu ya goti lake lililovimba.

"Leo utalala hapa," alisema. "Kitanda nimekitandika toka jana. Sina siku nyingi, mwanangu, na sitaki kuzimaliza ninatazama ukuta. Utalala?"

"Nitalala hapa, mama," Siwema alisema. "Leo na kesho na keshokutwa. Waje wanitoe."

Uani majirani wakaanza kunong'ona. Afisa aliondoa miwani, akaifuta, akaivaa. "Mgeni amesema nini?" aliuliza. Alikuwa amesikia vizuri kama sote tulivyosikia. "Mwonjaji Mkuu, nakuuliza, mgeni amesema nini?"

Makungu alikuwa amesimama katikati yao. Aliwaza cheo, ambacho hakijamaliza hata mwezi. Aliwaza Waziri na meno yake. Aliwaza kwamba mama ni mzee na ataelewa, na kwamba Siwema siku zote amemsamehe. Goti lilikuwa linacheza mpaka suruali inatikisika, na kila mtu chumbani alikuwa analitazama.

"Mgeni anashukuru," alisema. "Anasema amepapenda sana. Ila hawezi kulala, ana ratiba."

Afisa akaitika kwa kichwa, ameridhika, akaangalia nje kama gari liko tayari.

Bi Nyamizi hakukasirika. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kwa upole na udadisi, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura aliyowahi kuiona sokoni. Kisha akamgeukia binti yake.

"Siwema," alisema, "huyu kijana mwenye suti simwelewi anachosema. Hebu mtafsirie wewe. Mwambie mwanangu amefika, na leo analala kwao. Mwambie na yeye kama ana mama mahali, aende akamwone, asikae sana kwenye nyumba za watu."

Siwema akamgeukia mdogo wake, machozi yakimtiririka, akamtafsiria neno kwa neno.